Mwanasheria anafikaje kwenye kiti kikubwa cha nchi? Tuwaangalie wa huku kwetu

Huku Mbeya mtoto akiwa mbishi tu, kila ukimwambia neno ana la kurudisha, wazee wanasema huyu atakuja kuwa wakili, na aliyekaa pembeni anamalizia, afu baadae waziri. Kwenye vichwa vya watu wengi hiyo ni safari moja imenyooka: unasoma sheria, unavaa joho jeusi na kile kitambaa cheupe shingoni, unashinda kesi mbili tatu za kueleweka, chama kinakuona, unapewa wizara. Na mifano ya kutaja ipo kweli, hata huna haja ya kwenda mbali. Kuna Dk. Tulia Ackson mtoto wa Tukuyu, aliyekuwa Spika, kuna Dk. Harrison Mwakyembe wa Kyela, aliyekuwa waziri, na ukienda upande wa Rukwa na Katavi unamkuta mzee Mizengo Pinda, aliyekuwa Waziri Mkuu. Wote wanasheria na wote wamepita Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Sasa ukifuatilia wasifu wa hawa watu mmoja mmoja unakuta hakuna hata mmoja aliyejulikana na nchi kwa sababu ya kesi aliyoshinda mahakamani. Mmoja alikuwa lekchara, mwingine lekchara aliyewahi pia kuwa mwandishi wa habari, wa tatu alikuwa mtumishi wa serikali wa mafaili ya Ikulu. Kinachowachanganya watu ni kwamba kwenye mfumo wetu kuna kupanda kwa kuteuliwa na kuna kupanda kwa kuchaguliwa, haya mambo mawili yana masharti tofauti na yanataka mtu wa aina tofauti, afu Katiba yenyewe imepanga kwamba ukifika mahali fulani huwezi kuendelea na moja bila lingine. Digrii ya sheria inakubeba sana kwenye kuteuliwa, ila kwenye kuchaguliwa mi naona inakubeba kidogo mno.

Tuanze na shule maana hapo nako pana mkanganyiko. Mtu akimaliza LLB, yaani digrii ya kwanza ya sheria, iwe Mlimani, Mzumbe, au pale Iringa kwenye Chuo cha Ruaha Katoliki, huyo tayari ni mwanasheria lakini bado sio wakili, hawezi kusimama Mahakama Kuu kumtetea mtu. Inabidi apite Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ile ambayo wote tunaiita Law School, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2007, akifaulu ndo anaapishwa na Jaji Mkuu na jina lake linaingia kwenye orodha ya mawakili. Na hapo ndo watu wanapochinjwa. Mwaka 2022 yalitoka matokeo ambayo wanafunzi 26 tu kati ya 633 ndo walifaulu moja kwa moja, waliobaki wakagawana sapu, yaani kurudia mitihani, na kudisko, yaani kuondolewa masomoni, nchi nzima ikapiga kelele mpaka waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Dk. Damas Ndumbaro, akaunda kamati ichunguze kuna nini. Ndumbaro ni mwanasheria na alikuwa mbunge wa Songea Mjini, na mtu aliyempa uenyekiti wa kamati ni huyo huyo Mwakyembe wa Kyela. Kusini kwa kusini tu.

Ila hakuna ibara inayosema mbunge, waziri au Spika lazima awe amesoma sheria. Nendeni ibara ya 67 ya Katiba ya 1977 muone mbunge anatakiwa awe nani: raia, umri usiopungua miaka 21, anajua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, mwanachama wa chama cha siasa na chama kimempendekeza. Kuna na vizuizi vya mtu aliyefungwa na mambo kama hayo, lakini cheti cha chuo hakimo. Pale serikalini viti ambavyo kweli vinadai uanasheria ni vichache, kama cha Mwanasheria Mkuu wa Serikali na naibu wake. Na kama unataka ushahidi kwamba Uspika hauhitaji sheria, tunao hapa hapa kwetu. Adam Sapi Mkwawa wa Iringa, aliyepokea kiti kutoka kwa Abdulkarim Karimjee mwaka 1962 na kukikalia miaka mingi kuliko mtu yeyote, alikuwa chifu wa Wahehe. Anne Makinda wa Njombe, mwanamke wa kwanza kuwa Spika, 2010 mpaka 2015, naye hakuwa mwanasheria, alikuwa mtu aliyekaa bungeni tangu 1975 akajua kila kona ya lile jengo na kila ujanja wa wabunge. Ukimjumlisha Tulia hao ni Maspika watatu kutoka ukanda mmoja wa viazi na baridi, na mwanasheria ni mmoja tu.

Kuna na njia nyingine ya sheria ambayo ukiingia inakufungia siasa kabisa, na vijana wengi hawaijui. Ukiwa hakimu, wa ngazi yoyote ile hata wa Mahakama ya Mwanzo, au msajili, au jaji, ibara ya 113A inakupiga marufuku kujiunga na chama cha siasa. Kura unapiga, kadi huna. Kwa hiyo dogo anayesema nitaanza uhakimu afu nikishajulikana nigombee, ajue anatakiwa kwanza avue lile joho na kuondoka, ndo aende kuchukua kadi, maana huku huwezi kugombea bila chama.

Sasa kwa nini basi wanasheria wanaonekana wengi huko juu kama hakuna sheria inayowataka? Kwa sababu ya kazi zenyewe za serikali. Kila wizara ina mikataba, kila muswada lazima mtu auandike, kila uamuzi wa waziri mtu anaweza kuupeleka mahakamani, kwa hiyo serikali inaajiri wanasheria wengi na inawaona kazini kila siku. Kuna mawakili wa serikali kwenye ofisi ya Mwanasheria Mkuu, na tangu 2018 kuna ofisi ya Mashtaka inayojitegemea na ya Wakili Mkuu wa Serikali anayesimamia kesi za madai. Kijana akiingia huko anaanza kuandika maoni ya kisheria ambayo yanasomwa na makatibu wakuu, mawaziri, wakati mwingine Ikulu. Hakuna anayemjua mtaani. Ila watu wanaoteua wanamjua, na hilo ndo la maana hapo.

Mfano mzuri kabisa ni Pinda. Alimaliza sheria Mlimani 1974, akawa wakili wa serikali, baadae akapelekwa Ikulu akafanya kazi kwenye ofisi binafsi ya Rais enzi za Nyerere na Mwinyi, akaja kuwa karani wa Baraza la Mawaziri mpaka mwaka 2000. Karani wa Baraza ni mtu anayekaa kwenye kikao kikubwa kuliko vyote nchini, anaandika nani kasema nini na kimeamuliwa nini, anasikia kila kitu na hasemi kitu nje. Ukifanya kazi hiyo miaka minne unajua serikali inavyofanya kazi kuliko mawaziri wenyewe wanaokuja na kuondoka. Lakini karani hawezi kuwa waziri. Ibara ya 55 inasema mawaziri na manaibu wote wanateuliwa kutoka miongoni mwa wabunge. Kwa hiyo mwaka 2000 mzee akarudi kwao Mpanda Mashariki, akagombea, akashinda, na baada ya hapo mambo yakaenda haraka: naibu waziri, waziri wa TAMISEMI, na Februari 2008 Waziri Mkuu.

Hapo kwenye Waziri Mkuu napo simameni kidogo. Ibara ya 51 inamtaka Rais amteue mbunge wa kuchaguliwa kwenye jimbo, tena wa chama chenye wabunge wengi, afu Bunge limthibitishe. Mbunge wa viti maalum haruhusiwi, mbunge wa kuteuliwa na Rais haruhusiwi. Ndo maana unaona mtu ana PhD, ana wizara, anaheshimika, lakini bado anahangaika kutafuta jimbo kijijini kwao, watu wanasema ana tamaa. Pengine tamaa ipo, sikatai, ila Katiba nayo inamsukuma, bila jimbo kuna mlango mmoja hauingii hata ukipendwa na Rais namna gani.

Turudi kwa Tulia, maana ya mwaka 2015 ndo ilichanganya watu kuliko zote. Huyu alizaliwa Rungwe 1976, akasoma Loleza hapa Mbeya, akaenda Mlimani kusoma sheria, digrii ya kwanza na ya pili, afu PhD Chuo Kikuu cha Cape Town aliyoimaliza 2007, eneo lake likiwa sheria za hifadhi ya jamii, yaani mafao, pensheni na mambo ya namna hiyo. Akarudi kufundisha Mlimani. Septemba 2015 Rais Kikwete akamteua Naibu Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Mwezi Novemba, nchi imeshapata Rais mpya, Magufuli akamteua kuwa mbunge, na siku chache tu baadae wabunge wakamchagua Naibu Spika. Miezi miwili na kidogo! Vijiweni ilikuwa huyu kaibukia wapi.

Ukiwa na Katiba mkononi utaona hakuna uchawi, ni masharti tu yanafuatwa moja baada ya jingine. Spika, kwa ibara ya 84, anaweza kuchaguliwa kutoka kwa wabunge au hata kwa mtu ambaye sio mbunge ila ana sifa za kuwa mbunge. Naibu Spika, ibara ya 85, lazima atoke miongoni mwa wabunge, hapo hakuna mchezo. Tulia hakuwa na jimbo, hakuwa wa viti maalum, kwa hiyo bila kuwa mbunge asingeweza kugusa hicho kiti. Na ibara ya 66 inampa Rais nafasi za kuteua wabunge wasiozidi 10. Nafasi moja kati ya hizo ikatumika kumuingiza ndani ya ukumbi, akishakuwa ndani ndo anaruhusiwa kugombea. Upinzani ulilalamika kwamba hapo Rais kajichagulia kiongozi wa Bunge, na hoja yao ina uzito kwa sababu Bunge ndo linatakiwa kuisimamia serikali, lakini kisheria kila hatua ilikuwa imekaa sawa. Mambo mengi ya siasa zetu yako hivyo, halali kabisa na bado yanaleta manung'uniko.

Afu kile kiti chenyewe ndo mahali pekee kwenye hii safari ambapo usomi wa sheria unaonekana kwa macho. Mliokuwa mnaangalia Bunge miaka ile mnakumbuka mbunge anavyosimama, anabonyeza kipaza sauti, Mheshimiwa Naibu Spika nasimama kwa kanuni ya 68 fasili ya 7 naomba muongozo wako, wa pili naye kasimama anasema taarifa, wa tatu utaratibu, ukumbi mzima unapiga meza. Aliyekaa mbele ana sekunde chache kuamua nani ana haki ya kusema na kwa kanuni ipi, na uamuzi wake unaingia kwenye kumbukumbu rasmi. Mtu aliyezoea kusoma vifungu hapati shida hapo. Ila kujua kanuni ni jambo moja na kuaminiwa na pande zote ni jingine, na mwaka 2016 kwenye Bunge la bajeti wabunge wa upinzani walifika mahali wakawa wanatoka nje kila akikalia kiti, wanasema anawabana. Mi naona lile lilikuwa somo ambalo chuoni hawafundishi, kwamba ukiwa umefika kwa uteuzi, hata uamuzi wako ulio sahihi kikanuni watu wanauangalia kwa jicho la nani alikuleta.

Dawa ya hilo ni jimbo, na yeye akaliendea. Mbeya Mjini ilikuwa mikononi mwa Sugu, Joseph Mbilinyi wa Chadema, tangu 2010, na sio siri jamaa alikuwa na mji, msanii wa rap aliyekulia mtaani, anaongea lugha ya Mwanjelwa na Kabwe. Utamshinda vipi mtu kama huyo kwa PhD ya hifadhi ya jamii? Huwezi. Kwa hiyo miaka kadhaa kabla ya 2020 tukaanza kuona Tulia Trust kila mahali, mbio za Tulia Marathon zinazomalizikia uwanja wa Sokoine, tamasha la ngoma za asili kule Tukuyu ambapo unakuta vikundi vinashindana na vumbi limesimama, misaada kwa wazee na wanafunzi. Hiyo ndo kazi ya kutafuta kura na haina uhusiano wowote na joho. Oktoba 2020 akatangazwa mshindi. Upinzani waliulalamikia sana uchaguzi wa mwaka ule, sio Mbeya tu bali nchi nzima. Januari 2022 Job Ndugai akajiuzulu Uspika baada ya kauli yake kuhusu mikopo ya serikali kuzua balaa, na tarehe 1 Februari Bunge likamchagua Tulia. Oktoba 2023 kule Luanda, Angola, akachaguliwa Rais wa Umoja wa Mabunge Duniani, chombo cha tangu 1889, mwanamke wa kwanza kutoka Afrika. Wagombea wote mwaka ule walikuwa wanawake wa Kiafrika, mmoja wao Spika wa Malawi, jirani yetu wa hapo ng'ambo ya Kasumulu.

Mwakyembe kapita kwingine kabisa na ndo maana napenda kumuweka karibu na Tulia. Yeye kabla ya jimbo alikuwa mbunge wa Bunge la Afrika Mashariki kuanzia 2001, ambako wanachaguliwa na wabunge wa hapa nyumbani, afu 2005 akachukua Kyela. Nchi nzima ilimjua mwishoni mwa 2007 alipopewa uenyekiti wa Kamati Teule ya kuchunguza mkataba wa umeme wa dharura wa Richmond, ule wa megawati 100 uliotokana na ukame wa 2006. Hapo ndo sheria ilifanya kazi yake, maana kamati ile iliita mashahidi, ikasoma mikataba na barua mstari kwa mstari, ikauliza huyu mzabuni kapatikana vipi na ana uwezo gani. Ripoti ikasomwa bungeni Februari 2008, na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu pamoja na mawaziri wawili. Na kiti kikawa wazi, aliyekikalia ndo yule Pinda wa Mpanda. Mwanasheria mmoja kasoma ripoti, mwanasheria mwingine kapata kazi, hata kama hakuna aliyepanga iwe hivyo.

Wengine walidhani baada ya hapo Mwakyembe anapewa wizara siku hiyo hiyo. Wapi. Ilichukua mpaka 2010 kuwa naibu waziri wa Ujenzi chini ya Magufuli, na 2012 ndo waziri kamili wa Uchukuzi, ambako watu wa Dar walimkumbuka kwa ile treni ya abiria ya mjini, mpaka wakaibatiza treni ya Mwakyembe. Baadae akapita wizara ya Afrika Mashariki, ya Katiba na Sheria, na tangu 2017 Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo. Halafu 2020 ikaja kura za maoni ndani ya CCM. Ule ndo mwaka ambao msemo wa wajumbe sio watu ulisambaa nchi nzima. Waziri aliyekuwa ofisini, PhD, mtu wa Richmond, akaangushwa Kyela kwenye ukumbi uliojaa wajumbe wa chama chake mwenyewe. Bila jimbo, na bila kuteuliwa kuwa mbunge, uwaziri nao unaishia hapo kwa ibara ile ile ya 55 niliyosema. Ukiniuliza mimi, hilo ndo tukio linaloeleza mfumo mzima vizuri kuliko lingine lolote. Wajumbe wa kata hawajali ulisoma mkataba gani, wanajali mara ya mwisho ulikuja msibani lini, simu zao unapokea, mpunga wao unafika sokoni kwa barabara gani.

Kwa hiyo wewe uliyeko mwaka wa pili LLB pale Iringa unayeniandikia kila siku kwamba unataka kuwa kama hao, cha kujiuliza ni unataka kuanzia upande upi. Ukianza kwa kuteuliwa, tafuta kazi ambazo maandishi yako yanasomwa na wanaoamua, chuo, ofisi ya Mwanasheria Mkuu, wizara, kamati, na uwe na subira kwa sababu Pinda alikaa huko zaidi ya miaka 20 kabla ya kugombea. Ukianza kwa kuchaguliwa, basi anza na kata yako, udiwani, ujumbe wa chama, na huko digrii weka mfukoni kwanza. Uwakili wa kujitegemea, kile chumba kimoja karibu na mahakama chenye kiti, muhuri na watu wanaosubiri kuapa viapo, ni kazi nzuri na inalipa ada za watoto, ila kwa kutengeneza wanasiasa ni njia ndefu kuliko watu wanavyofikiri.

Na kufika juu sio kubaki juu. Mwaka 2025 jimbo la Mbeya Mjini liligawanywa, likazaliwa jimbo la Uyole, Tulia akaenda kugombea huko na kushinda uchaguzi wa Oktoba ambao Chadema hawakuwemo. Mwezi Novemba, kabla Bunge jipya halijapiga kura ya Spika, akajitoa kwenye kinyang'anyiro, na kiti kikaenda kwa Mussa Azzan Zungu aliyekuwa naibu wake. Huku Uyole yeye ni mbunge wa jimbo sasa, na wauza viazi wa pale njia panda ya Tukuyu hawamuulizi habari za Luanda, wanamuuliza barabara ya njia nne ya Nsalaga mpaka Ifisi inakamilika lini.